Mama Godelieve na Ngoma ya Mapasa

Baba mdogo Alfani alisimama katikati ya lango akapanua mikono. Alisema hakuna ngoma ya kishenzi itakayoingia katika ua wa marehemu ndugu yake. Mbele yake walisimama wanawake kama kumi na tano, nyuso zimepakwa udongo mweupe, na aliyewaongoza alikuwa mwanamke mfupi, mnene, amejitwika ungo kichwani. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa kitandani na Hasani na Huseni. Ilikuwa siku ya nane tangu niwazae.

Yule mwanamke hakubishana naye. Alianza kuimba. Aliimba juu ya ndevu za Baba mdogo, kwamba zimeota kwa mafungu kama mtama wa mvivu. Aliimba kwamba kanzu yake ni nyeupe lakini aliyeifua ni mke wake, na mke wake hajapewa sabuni. Wenzake wakaitikia, majirani wakatoka kutazama. Baba mdogo, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alivua kofia akajizibia uso, na mabega yakaanza kumtikisika. Mwishowe akatia sarafu katika ungo, akasogea kando.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Mama Godelieve, mwaka 1968, hapa Kalemie.

Huku kwetu mapacha tunawaita mapasa. Wakizaliwa, akina mama waliowahi kuzaa mapasa huja kuwachezea ngoma ili wakae salama duniani. Siku hiyo wanawake wana ruhusa ya kumwimba mtu yeyote kwa tusi lolote, awe mume, awe mkwe, awe chifu. Anayeimbwa hakasiriki. Hucheka, hutia kitu katika ungo, na mambo yamekwisha. Siku zote nyingine ngoma hiyo haichezwi. Sisi Waislamu wa mjini, wajukuu wa wafanyabiashara wa ziwani, tuliijua kwa mbali tu. Lakini mimi nilikuwa nimezaa wawili, kwa hiyo Mama Godelieve alikuja bila kuuliza ninasali wapi.

Yeye alitoka milimani, upande wa Moba, na alisomeshwa kidogo na masista. Mumewe Adalbert aliendesha winchi bandarini. Tangu siku ile tukawa marafiki, tukakodi sehemu moja ya ufuko, tukawa tunanunua ndagala wabichi kwa wavuvi alfajiri na kuwaanika mchangani. Siku moja tukiwa tunageuza samaki aliniambia habari za mapasa wake mwenyewe. Wa kwanza, Kyungu, alikuwa ameshakuwa kijana. Wa pili, Kabange, aliishi siku kumi na moja.

"Nikiimba majina ya mapasa," alisema, "mutoto wangu anasikia. Siku zingine zote hakuna muntu anamuita."

Hakulia. Aliendelea kugeuza samaki. Nilisikia maneno yale, lakini sikuyaweka moyoni kama ilivyopasa, na baadaye nilikuja kujuta.

Sasa nieleze habari ya hoteli. Juu ya kilima kinachotazama ziwa palikuwa na hoteli ya Mgiriki mmoja. Mwishoni mwa mwaka 1973 serikali ilitangaza kwamba biashara za wageni zichukuliwe na kupewa wananchi. Mgiriki akapanda meli na masanduku yake. Hoteli ikapewa mtu aliyekuwa mkuu wa shule, ambaye maishani mwake hakuwahi kuuza hata yai. Kwenye karatasi aliitwa Citoyen Mwilambwe, yaani Mwananchi Mwilambwe, kwa sababu majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Mama Godelieve naye kwenye kitambulisho alikuwa Citoyenne Kalunga. Lakini majumbani tuliendelea kuitana kama zamani, na yule mkuu wa shule kwetu alibaki Papa Télesphore.

Papa Télesphore hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekabidhiwa vyumba thelathini, jokofu lililokufa na wafanyakazi waliotaka kulipwa. Wateja wa zamani wa hoteli, wageni wenye maduka, walikuwa wameondoka pamoja na Mgiriki. Bia haikufika, shuka zilichakaa. Tumaini lake lilikuwa mwanamke mmoja wa Kibelgiji anayeitwa Christiane, aliyekaa Bujumbura na kuleta makundi ya watalii kwa meli kila baada ya wiki mbili. Walikuja kuogelea, kula samaki na kupiga picha. Mama Christiane akamwambia Papa Télesphore kwamba kuogelea hakutoshi. Wageni wanataka kuona utamaduni.

Ndipo Papa Télesphore alipokuja ufukoni kwetu na viatu vyake vya ngozi.

"Mama Godelieve, nakuomba," alisema. "Kesho kutwa meli inaleta wazungu ishirini. Mama Christiane amesoma kitabu cha padri wa zamani juu ya ngoma ya mapasa. Anataka hiyo."

"Nani amezaa?"

"Hakuna aliyezaa, Mama. Ni ya kuonyesha tu."

"Papa Télesphore, wewe ni mwalimu. Umeshaona batu banafanya matanga bila maiti, ya kuonyesha tu?"

Papa Télesphore akajifuta jasho. Mama Godelieve akamhurumia.

"Sisi tuko na ngoma nyingine," alisema. "Zile tunaimba hapa tukianika ndagala, na zile za kutwanga muhogo. Hizo ni za kazi, zinaweza kutoka. Tutakuja na ngoma tatu na bamama kumi na tano."

Tulikwenda. Tulivaa blauzi zetu nzuri na vitenge, tukacheza ngoma ya ndagala kwenye veranda ya hoteli, nyayo zikitandaza na kukusanya kama tunavyofanya mchangani. Watalii walipiga makofi sana. Lakini Mama Christiane alitufuata nyuma ya jiko. Alijua Kiswahili cha sokoni.

"Ni nzuri, lakini si ile," alisema. "Wageni wamelipia kitu cha asili. Na hizi blauzi... Zamani hamkuvaa blauzi. Picha haziwi nzuri."

"Mama Christiane," alisema Mama Godelieve, "blauzi hii nimeishona kwa mukono wangu. Wewe zamani bibi yako alivaa nini? Mbona hukuivaa leo?"

Mama Christiane akawa mwekundu. Akamwambia Papa Télesphore kwamba kama hakuna mapasa, kundi lijalo atalipeleka Kigoma.

Hapa lazima niseme kosa langu, kwa sababu bila hilo hadithi haisimami. Mwaka ule maduka yalikuwa matupu. Chumvi ilipotea, sabuni ilipotea, na binti yangu Asha alikuwa amerudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya minerval, yaani ada ya shule. Ujira wa hoteli ulikuwa umenionjesha raha. Nikawaambia wenzangu: wazungu hawajui tofauti, na mapasa hawatasikia. Wanane wakakubaliana nami. Tukaenda kumwambia Mama Godelieve.

Alitutazama mmoja mmoja.

"Siwezi kuwafunga kamba," alisema. "Kila muntu na batoto bake banalia nyumbani. Ila ungo wangu hautoki."

Jumamosi tukapanda kilimani bila yeye. Tulijipaka udongo mweupe, tukavaa majani juu ya vitenge. Papa Télesphore alikuwa ametafuta ungo mpya dukani, na kwa sababu watalii wangeuliza watoto wako wapi, alilaza ndani yake wanasesere wawili wa plastiki, wenye nywele za njano. Tukaanza. Mimi ndiye niliyeongoza. Nilipofika mahali pa kuita majina ya mapasa nikafungua kinywa, nikawatazama wale wanasesere, na sauti ikakatika. Hasani na Huseni walikuwa nyumbani, wana miaka sita, wanacheza mpira wa matambara. Nikaona kana kwamba nawaita wafe. Nikapiga kelele isiyo na maneno, wenzangu wakaifuata, na watalii wakashangilia kuliko siku ile ya ndagala.

Nilirudi nyumbani nikajisugua uso kwa mchanga mpaka ukauma.

Ubaya haukuishia hapo. Kwenye meza ya mwisho, siku ile, alikaa Citoyen Kilufya, mwenye abakosti ya kijivu, lile koti lisilovaliwa tai la watu wa chama. Yeye alikuwa mkuu wa animasio mjini. Animasio zilikuwa zile nyimbo na michezo ya kusifu chama, ambazo watu walilazimika kuzicheza kabla ya kazi na kila mkubwa alipotembelea mji. Kilufya alikuwa kijana bado, mwenyeji wa Kongolo, na alitamani kupanda cheo. Jumatatu akatuita sote kwenye biro yake, yaani ofisini.

Alisema amefurahi kugundua hazina ya utamaduni. Kwenye sherehe ya tarehe 20 Mei, sikukuu ya chama, wageni wakubwa watatoka Lubumbashi, nasi tutacheza mapasa uwanjani. Mahali pa majina ya mapasa tutataja sifa za chama. Na tangu leo ngoma ya hoteli itakuwa chini ya biro yake, ujira wake utaingia katika sanduku la animasio.

Nilikwenda ufukoni nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilimweleza Mama Godelieve yote, hata wanasesere. Nilidhani atanitukana.

"Mulango uliufungua wewe," alisema. "Haya, twende tuufunge pamoja."

Tukaenda bironi, yeye na mimi. Kilufya hakutupa viti.

"Citoyenne Kalunga," alisema, "nasikia unakataa. Serikali inasema turudi kwenye mila zetu. Hii ndiyo authenticité yenyewe! Wewe ni mpinzani wa mila?"

"Citoyen, mila ya mapasa iko na maneno yake. Ukitoa majina ya batoto na kuweka mengine, hujarudi kwenye mila. Umetengeneza kitu kipya. Na kitu kipya unaweza kukitafutia bamama bengine."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ninaongea na mutoto wa muntu."

Makarani wakaacha kupiga mashine. Kilufya akasimama. Alisema kwa sauti ya chini kwamba bila kibali cha biro yake hakuna ngoma itakayopigwa mjini na kundi letu, hotelini wala kwingine. Alasiri ile vijana wake walikuja wakachukua ngoma zetu tatu nyumbani kwa Mama Godelieve, wakazifungia katika chumba cha mafaili.

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa mibaya. Meli ya Mama Christiane ilifika mara moja, wageni wakakuta kimya, na safari iliyofuata haikuja kabisa. Papa Télesphore alifunga nusu ya vyumba. Wenzetu wengine walianza kumsema Mama Godelieve kisimani, kwamba kiburi chake kinatulaza njaa, na mtu gani anagombana na chama kwa ajili ya nyimbo. Bandarini, bosi wa Adalbert alimwita kando akamshauri amtulize mke wake. Adalbert alikuwa mtu wa maneno machache. Alijibu: "Bosi, mimi nilioa mama wa mapasa. Sikuoa kuku." Akarudi kwenye winchi yake. Maneno hayo yalizunguka mji mzima kwa siku moja, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi nilimwona Mama Godelieve akicheka mpaka anashika mbavu.

Katikati ya Aprili 1975, habari ikatoka maternite, hospitali ya wazazi. Mke wa Citoyen Kilufya amejifungua. Mapasa, wa kiume na wa kike.

Wengine walisema ni Mungu. Mama Godelieve aliwakataza. "Batoto si fimbo ya kumupiga muntu," alisema. Siku ya nane ikapita bila ngoma, maana nani angethubutu kwenda kwa mtu aliyezikamata ngoma? Siku ya kumi mtoto wa kike akashikwa na homa. Siku ya kumi na moja, treni ya kutoka Kabalo ilimshusha mama yake Kilufya, bibi mmoja mrefu, mkavu, anayeitwa Mama Marthe, aliyekuwa ametoka Kongolo na kuku wawili na gunia la mchele kuja kuona wajukuu.

Tulisimuliwa baadaye na mfanyakazi wa nyumba ile. Mama Marthe aliwatazama watoto, akawabusu, kisha akauliza: "Nani amewachezea?" Akauliza tena. Mkwe wake akaanza kulia. Akamwambia yote.

Mama Marthe hakuvua hata kitambaa cha safari. Alikwenda bironi kwa miguu. Ilikuwa saa ya animasio, wafanyakazi wote wamepanga mistari uani, Kilufya mbele yao anaongoza makofi. Bibi akapita katikati ya mistari.

"Fungua kile chumba," alimwambia mwanawe.

"Mama, subiri nimalize..."

"Nilikuzaa bila kusubiri umalize. Fungua!"

Kilufya akafungua. Ngoma zilikuwa zimefunikwa na mafaili. Mama Marthe akayasukuma yakaanguka sakafuni, akaita mkokoteni, akazisindikiza ngoma mwenyewe barabara nzima mpaka nyumbani kwa Mama Godelieve. Sisi tulikuwa kumi pale, tunachambua ndagala. Bibi akasimama mlangoni.

"Mimi njo mama ya yule mupumbavu," alisema. "Nimeleta ngoma zenu. Sikuja kuomba kwa ajili yake. Nimekuja kwa ajili ya Kyungu na Kabange."

Majina hayo ndiyo wanayopewa mapasa kwao pia. Nilimwona Mama Godelieve akishtuka aliposikia la pili.

Nilimvuta pembeni. "Sasa ndiyo nafasi yetu," nilimwambia. "Aje kwanza asaini karatasi. Kazi ya hoteli iwe yetu, ujira wetu, nyimbo zetu. Asiposaini hatuendi."

"Hapana, Mama Hasani."

"Kwa nini? Ametutesa miezi miwili!"

"Kwa sababu ngoma hii haiuzwi. Haikuwa ya kuuzia wazungu, haikuwa ya kuuzia chama. Hatutaiuza hata kwa faida yetu." Akamgeukia Mama Marthe. "Mama, ingia ukae. Mutoto wa kike anaendeleaje na homa?"

"Amepewa dawa. Imeshuka kidogo."

"Kesho asubuhi tuko kwenu."

Alikwenda chumbani, akarudi na ungo wake. Akaufuta vumbi kwa kanga.

Asubuhi tulifika wanawake ishirini na wanne. Hata wale waliomsema kisimani walikuja, wamejipaka udongo mweupe. Ua wa Kilufya ulikuwa umejaa: makarani, majirani, wazee wa Kongolo wanaoishi mjini. Kilufya alikaa kwenye kiti cha mbele na abakosti yake, mkewe kando yake na watoto. Meli nayo ilikuwa imefika jana yake, Mama Christiane akijaribu bahati mara nyingine, na kwa kuwa habari haina mlinzi, Papa Télesphore alikuwa amesimama nje ya uzio pamoja na Mama Christiane na watalii kama kumi, hawajui kama wanaruhusiwa.

Mama Godelieve akawaendea. "Leo kuna mapasa ya kweli," alisema. "Mugeni wa jirani ni jirani. Ingieni. Picha hapana. Na leo hakuna mukubwa, mutaimbwa kama wengine."

Tukaanza. Ngoma zilikuwa zimekaa kimya miezi miwili, na ngozi zilipopata joto zililia vizuri kuliko nilivyokumbuka. Mama Godelieve aliimba kwanza mama mzazi, kwa upole. Kisha akaimba baba. Alimzunguka Kilufya na ungo, akatikisa kiuno mbele ya magoti yake:

"Mwenye biro alifunga ngoma kwa kufuli,
ngoma zikakaa gizani zikapata mimba,
kufuli haikujua, mafaili hayakujua,
ngoma zimezaa wawili nyumbani kwake!"

Ua mzima uliitikia. Karani mmoja mzee alianguka kutoka kwenye benchi kwa kicheko. Kilufya alikuwa mgumu kama nguzo. Nikatoka mstarini mimi Mwavita, sijui nguvu ilitoka wapi, nikaimba kwamba nimeona sanduku la animasio likila jasho la ndagala, na harufu ya samaki haitoki kwenye abakosti hata ikifuliwa mara saba. Mama Marthe ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Halafu Mama Godelieve akaita majina. "Kyungu! Kabange!" Aliyaita akitazama juu, machozi yakichora mistari katika udongo mweupe wa mashavu yake, na sote tulijua anamwita nani pia. Mtoto wa kike akaamka mikononi mwa mama yake, akapiga kelele kubwa, yenye afya. Na hapo Kilufya akacheka. Nadhani hakukusudia. Alimtazama binti yake, akacheka kama kijana yeyote aliyezaa, akavuta noti mfukoni akaitia katika ungo.

"Karatasi haitoshi," alisema Mama Marthe. "Ulifunga kwa kinywa, fungua kwa kinywa. Mbele ya watu."

Kilufya akasimama. Alitazama makarani wake, wazee wa kwao, wazungu, kisha mama yake.

"Ngoma ni za hawa mama," alisema. "Za hotelini pia. Hakuna atakayewagusa. Wala Mei ishirini sitawaomba mapasa."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika mpaka bandarini; Adalbert alisema alisimamisha winchi. Lakini Mama Godelieve alikuwa hajamaliza. Alimgeukia Mama Christiane, akamwimba kwa Kiswahili chepesi ili aelewe: mama wa picha anataka kutuvua blauzi, na yeye mwenyewe amefunga vifungo mpaka shingoni, ameficha nini? Mama Christiane alielewa. Alishika kola yake, akawa mwekundu kama nyanya, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, akafungua kifungo kimoja, akavua saa yake ya mkononi akaitia katika ungo. Mama Godelieve aliirudisha kesho yake. Mama Christiane alikataa kuipokea.

Juma lile lile Papa Télesphore alituita hotelini, safari hii kwenye meza, na viti. Mama Godelieve ndiye aliyesema, yeye akaandika kwa mashine. Tutacheza kila meli ikifika, ngoma za kazi tu. Tutavaa tunachotaka. Wageni hawatakaa kwenye veranda kutazama: watashuka ufukoni, watavua viatu, watageuza ndagala pamoja nasi na kujifunza wimbo kwanza. Picha ni kwa ruhusa ya anayepigwa. Mama Christiane alisoma, akatia saini. Alidhani watalii watakasirika kufanyishwa kazi. Safari ya kwanza mzee mmoja Mjerumani alikataa kuondoka mchangani mpaka samaki wake wote wawe wamegeuzwa. Baada ya miezi sita, waliotaka kuja walikuwa wengi kuliko vitanda.

Tarehe 20 Mei tulicheza uwanjani ngoma ya ndagala, kwa maneno yetu. Wageni wa Lubumbashi waliuliza nani aliyetufundisha. Kilufya, na nimpe haki yake, alisema: "Walijifundisha."

Mwaka 1977 serikali iligeuka, Mgiriki akarudishiwa hoteli yake. Papa Télesphore alirejea shuleni, na nadhani alilala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Mgiriki alitaka turudi kwenye veranda, kwa malipo madogo. Mama Godelieve alimwekea karatasi mezani, yenye saini ya Mama Christiane na mhuri wa hoteli yake mwenyewe. Mgiriki aliisoma mara mbili, akauliza nani aliyeiandika vizuri hivyo. Tulimwambia ni katibu wetu. Kweli Papa Télesphore alikuwa amekubali kazi hiyo, kila Jumapili baada ya misa.

Na mwaka uliofuata tulialikwa Bujumbura, kucheza siku tatu. Tulipanda meli wanawake ishirini. Mama Godelieve alikuwa ameishi kando ya ziwa miaka thelathini bila kupanda chombo kikubwa kuliko mtumbwi, na tulipopita Kabimba mawimbi yakamshika. Alitapika usiku kucha kwenye ndoo, na kila alipoinua kichwa alituambia tuendelee kufanya mazoezi, maana mstari wa nyuma unachelewa. Asubuhi alinawa uso, akafunga kitambaa cha njano, akashuka ngazi wa kwanza. Tulicheza siku ile mbele ya watu wengi ambao hatukuweza kuwahesabu. Baadaye walituletea bukari, yaani ugali, na samaki wa mukeke wa kuchoma. Mama Godelieve alikula sahani yake, akanitazama, akachukua na yangu.